P na hendibreki: kuegesha na kuzima gari la otomatiki kwenye miinuko ya Moshi na Arusha

Aliyejifunzia udereva kwenye gari la manyuali alifundishwa kuegesha mlimani kwa kuacha gia namba moja na kuvuta hendibreki. Gia hiyo inashika kweli, kwa sababu magurudumu yamefungamana na injini kupitia klachi, na injini iliyozimwa ni nzito kuizungusha. Akihamia kwenye Toyota IST au Noah ya otomatiki anabaki na imani ileile kwamba gari liko kwenye gia, kwa hiyo limeshikwa. Halijashikwa. Gia boksi ya otomatiki hubana gia zake kwa mgandamizo wa oili, na oili hiyo husukumwa na pampu inayozungushwa na injini. Ukizima injini, mgandamizo unakufa hapohapo. Gari lililozimwa likiwa kwenye D (mbele), R (nyuma) au L (gia ya chini) liko huru sawa na lililo kwenye N (huru). Kwenye uwanja wa tambarare litatulia, lakini ukiliacha hivyo Ilboru au njia ya Kibosho, litaondoka.

Kinachobaki ni P, ile ya kuegeshea, na P watu wengi wanaiamini kupita kiasi kwa sababu hawajawahi kuona kilichomo ndani yake.

Komeo ndani ya gia boksi

Kwenye shafti inayopeleka nguvu magurudumuni kuna gurudumu la chuma lenye meno makubwa yaliyoachana. Pembeni yake kimekaa kidole cha chuma, unene wake kama kidole gumba cha mtu mzima. Ukisukuma mkono wa gia mpaka P, fimbo ndogo inakisukuma kidole hicho kiingie katikati ya meno mawili, na shafti inafungwa. Ni komeo, kama la mlango. Hakuna pedi wala kitu kinachobana taratibu. Ama limeingia, ama halijaingia.

Kidole kikikuta ncha ya jino badala ya pengo, kinasubiri huku springi ikikisukuma, mpaka gari lisogee kidogo ndipo kidumbukie. Ndiyo maana gari lililowekwa P mlimani hurudi sentimita kadhaa kisha likasimama kwa mshtuko. Mshtuko ule ni mzigo mzima ukitua kwenye jino moja.

Tupige hesabu. IST ina uzito wa kama kilo 1,000; ikiwa na watu 4 na mizigo ya sokoni inakaribia 1,300. Kwenye mwinuko wa asilimia 10, yaani barabara inayopanda mita 10 kwa kila mita 100, nguvu inayolivuta gari hilo chini ni sawa na uzito wa kilo 130, zaidi ya mifuko miwili na nusu ya saruji. Kidole kinaweza kuubeba mzigo huo, kimetengenezwa kwa kazi hiyo. Ila ukikibebesha kila siku, kingo zake na za meno zinalika, na siku gari jingine likiligonga lako likiwa limeegemea kidole peke yake, kinaweza kukatika. Kikikatika huna P tena, na vipande vya chuma vimebaki ndani ya gia boksi, kwa hiyo ni lazima ifunguliwe.

Njia nyingine ya kukiua ni kutupia P wakati gari bado linatembea. Mwendo ukiwa mkubwa, kidole hurukaruka juu ya meno kwa mlio wa krrrr na kukataa kuingia. Kimechongwa hivyo makusudi. Hatari iko kwenye mwendo mdogo, ule wa mtu anayetembea taratibu, maana hapo kinaweza kunasa ghafla na kupokea gari zima kwa mpigo mmoja. Anayerudi nyuma kuingia kwenye nafasi ya kuegesha, akapeleka mkono P kabla tairi hazijasimama kabisa, anafanya hivyo kila siku bila kujua.

Mpangilio wa mikono na miguu

Karibu kila dereva wa otomatiki anajua kwamba kuna P na kuna hendibreki. Wanachokosea wengi ni kipi kitangulie. Wanakanyaga breki, wanaweka P, wanaachia breki, gari linaegemea kidole, kisha ndipo wanavuta hendibreki. Hendibreki hiyo imechelewa. Mzigo umeshakaa kwenye komeo, na waya uliovutwa baadaye haubebi chochote.

Chukua IST iliyosimama kandokando ya njia ya kupanda Kibosho, pua ikitazama mlimani. Mguu wa kulia uko kwenye breki, umekanyaga sawasawa. Peleka mkono wa gia N, mguu ukiwa palepale. Vuta hendibreki mpaka ikaze. Sasa achia breki ya mguu polepole, usiinyanyue ghafla. Utahisi gari likikaa, mkia ukishuka kidogo huku springi zikipokea uzito, kisha kimya. Limeshikwa na hendibreki peke yake. Kanyaga tena breki, peleka mkono P, ndipo uzime injini. Kidole kimeingia kwenye pengo lake bila kubeba kitu, kinakaa kama akiba.

Ile hatua ya kuachia breki ukiwa kwenye N ndiyo wengi wanaiona ya kupoteza muda, na ndiyo yenye thamani kuliko zote. Inakupimia hendibreki kila siku, bure. Gari likianza kuteleza nyuma, mguu wako uko sentimita chache kutoka kwenye pedeli na unajua palepale kwamba hendibreki imechoka. Anayeanza na P hajui hilo mpaka siku ambayo P haikuingia vizuri.

Ukishazima, kaa sekunde 3 na mlango ukiwa umefungwa. Achia breki ya mguu, tazama nguzo, ukuta au mti ulio pembeni ya dirisha, uone kama unasogea. Macho yakitazama mbele tu, gari linaweza kuteleza nusu mita bila wewe kuhisi. Usishuke kabla ya hapo, na gari likianza kuondoka ukiwa umeshashuka, usijaribu kulizuia kwa mwili wala kulikimbilia mlangoni. Hakuna mtu anayeshinda kilo 1,000 zinazoshuka.

Wakati wa kuondoka, mpangilio ni kinyume cha huo. Kanyaga breki, washa, toa mkono P uupeleke D huku hendibreki ikiwa bado juu, kisha ndipo uishushe. Sikiliza mkono unapotoka P. Ukitoka kwa ulaini, mpangilio wako ulikuwa sahihi. Ukisikia "ko!" ya chuma na gari likatikisika, basi lilikuwa limeegemea kidole: ama ulianza na P, ama hendibreki imelegea.

Kipi kinashika tairi zipi

IST, Vitz, Passo na Premio nyingi zilizoko barabarani kwetu zinavutwa na tairi za mbele. Kwenye gari kama hizo P inafunga tairi za mbele na hendibreki inafunga za nyuma, kwa hiyo ukitumia zote mbili tairi 4 zimeshikwa. Mark X na Crown zinazosukumwa na tairi za nyuma ni tofauti: P na hendibreki zote ziko nyuma, mbele kuko huru.

Hili lina uzito mkubwa unapopiga jeki. P hufunga shafti kabla ya difu, na kazi ya difu ni kuruhusu tairi mbili zizunguke tofauti. Ukiinua tairi moja ya mbele ya IST iliyoshikwa na P tu, tairi iliyo hewani inaweza kuzunguka upande mmoja na ile iliyo chini ikazunguka upande wa pili. Gari linaondoka na kudondoka kwenye jeki huku mkono ukionyesha P. Pancha ikikukuta kwenye mwinuko, songa taratibu mpaka patambarare, hata kama tairi itaharibika, tairi inanunuliwa. Kisha hendibreki, P, na mawe mawili kwenye tairi ambazo huziinui, moja mbele ya tairi na moja nyuma yake.

Kukunja tairi, na jiwe

Video nyingi za mafunzo mtandaoni zinatoka Marekani, wanakoendesha kulia. Ukiigiza mikono yao hapa utakunja upande usiofaa. Kwetu tunaegesha kushoto, kwa hiyo kumbuka hivi.

Pua ikitazama bondeni, kunja usukani kushoto, tairi za mbele zielekee ukingo. Gari likiponyoka litagonga ukingo wa zege na kusimama. Pua ikitazama mlimani na ukingo wa zege upo, kunja kulia, kisha ukiwa N achia breki kidogokidogo gari lirudi mpaka sehemu ya nyuma ya tairi ya mbele kushoto iguse ukingo. Hapo ndipo uvute hendibreki. Ukingo usipokuwepo, kunja kushoto iwe unatazama juu au chini, ili gari likiponyoka liingie pembeni na lisikate barabara. Njia za Machame, Uru na Old Moshi hazina kingo za zege sehemu nyingi, zina mitaro, na pengine mfongo wa maji ya mashamba unapita hapohapo kando. Gari kuingia mtaroni ni hasara. Gari kushuka barabarani watoto wakitoka shule ni msiba. Chagua mtaro.

Kunja usukani kabla ya kuzima injini, kwa sababu pawa ya usukani inategemea injini au umeme wa gari, na kunja gari likiwa bado linasogea kidogo ili usiibane tairi mahali pamoja. Ukirudi ukakuta ufunguo haugeuki, usiulazimishe. Usukani umejifunga huku tairi ikisukuma. Uchezeshe kushoto na kulia kidogo huku ukigeuza ufunguo kwa wepesi, utakubali.

Jiwe bado ni kinga nzuri, hasa ukiegesha usiku kucha. Liwe kubwa kama tofali, liguse tairi, upande wa bondeni. Likiachwa na nafasi, gari linapata mwendo na kulipanda. Wakati wa kuondoka songa nusu mita kuelekea mlimani, vuta hendibreki, weka P, shuka ulitoe barabarani kabisa. Abiria asiinamie jiwe upande wa bondeni huku gari likiliegemea. Na lisibaki barabarani: jiwe lililosahauliwa kwenye lami gizani linamsubiri dereva wa bodaboda.

"Hendibreki itaganda"

Maneno haya yanasikika kila gereji, na yamewafanya watu waishi na P peke yake. Ukweli ni kwamba mara nyingi waya wa hendibreki unaganda kwa kutotumika. Unapita chini ya gari ndani ya ala yake, unapokea tope la masika na vumbi la kiangazi, na usipovutwa kwa miezi kutu inaukamata. Kinachoweza kutokea kwa kuitumia ni hiki: umeosha gari au umevuka maji, ukavuta hendibreki, ukaliacha kwa siku nyingi, na viatu vya breki, vile vinavyobana ndani ya ngoma ya tairi, vikashikana na ngoma kwa kutu. Dawa yake ni kuendesha mita chache ukikanyaga breki kidogo ili vikauke kabla ya kuegesha. Gari la kukaa wiki kadhaa liache patambarare, kwenye P, na mawe pande zote mbili za tairi, bila hendibreki.

Hesabu milio unapovuta. Toyota ndogo nyingi hushika kati ya mlio wa 5 na wa 9. Mkono ukipanda zaidi ya hapo, lipeleke gari kwa fundi, lakini angalia anachofanya. Akikimbilia kukaza nati ya waya pale kwenye mkono, amekosea mwanzo. Viatu hurekebishwa kwanza ndani ya ngoma, waya baadaye. Waya ukikazwa juu ya viatu vilivyolegea, vitakwaruza ngoma muda wote, breki zitapata joto, na baada ya muda mfupi utarudi gereji.

Kwenye Noah nyingi na Mark X, hendibreki ni pedeli ndogo kushoto kabisa. Kazi ni ileile. Isipokuwa ukiikanyaga mara ya pili inaachia, au kuna kishikio cha kuivutia, kwa hiyo tazama taa nyekundu ya breki kwenye dashibodi uhakikishe imewaka kabla ya kuamini kwamba imeshika.

Kuzima

Ufunguo wa gari la otomatiki hautoki mpaka mkono uwe P kamili. Mkono unaweza kusimama katikati ya P na R ukaonekana kama umefika, komeo likiwa halijaingia. Ufunguo ukigoma kutoka, usiuvute kwa nguvu wala kuuacha hapo ukaenda dukani. Gari linakuambia P haijaingia. Kanyaga breki, toa mkono, urudishe mpaka mwisho.

Gari la kitufe halina ufunguo wa kugoma. Toyota nyingi za aina hiyo ukibonyeza kitufe zikiwa nje ya P, injini inazima lakini umeme unabaki umewaka, na asubuhi betri imekufa. Ukisikia mlio usioisha baada ya kuzima, angalia gia kwanza. Pia injini haizimiki kwa sababu tu umeondoka na rimoti mfukoni. Kwa dharura, gari likiwa linatembea na injini haitulii, kitufe hicho kinazima ukikishikilia sekunde 2 au 3 mfululizo, lakini usukani na breki vitakuwa vizito.

Haibridi, yaani magari yenye injini na mota ya umeme, zinahitaji jicho zaidi, kwa sababu ukimya wake unadanganya. Injini imejizima yenyewe, dereva anadhani gari limezimwa, kumbe neno READY bado linawaka na gari liko tayari kuondoka. Kwenye gereji iliyofungwa nyumbani, betri ikishuka injini itajiwasha usiku na kujaza moshi wenye sumu usio na harufu. READY izimike kabla hujafungua mlango. Prius ina jambo jingine: mkono wake wa gia hurudi katikati kila unapouachia, na P ni kitufe pembeni, hivyo mahali mkono ulipo hapakuambii kitu. Soma herufi kwenye dashibodi. Uzito wa hili ulionekana mwaka 2016, kampuni ya Fiat Chrysler ilipoyaita gereji kwa marekebisho zaidi ya magari milioni 1.1 duniani, yakiwemo Jeep Grand Cherokee, kwa sababu mkono wa gia uliokuwa ukirudi katikati uliwafanya madereva washuke wakidhani wameweka P. Mwezi Juni mwaka huohuo mwigizaji Anton Yelchin alifariki nyumbani kwake Los Angeles baada ya Jeep yake ya aina hiyo kuteremka na kumbana.

Prado ya dizeli yenye tabo, ile feni inayosukumia injini hewa zaidi, inataka subira. Kutoka Moshi mjini, iliyo chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, hadi lango la Marangu lililo juu ya mita 1,800, tabo imefanya kazi bila kupumzika na ina joto kali. Ukizima papo hapo, oili inayoipoza inasimama na kuungua ndani yake. Acha injini iungurume dakika 2 kabla ya kuzima. Ukitoka mjini kwa mwendo wa kawaida huhitaji hata dakika. Na gari lolote lililotoka safarini usiliegeshe juu ya majani makavu, kama yale ya njia ya Makuyuni wakati wa kiangazi. Bomba la moshi lina joto la kuyawasha.

Mkono unapokataa kutoka P

Sababu ni mbili, na zinatofautishwa kwa taa za breki. Mwambie mtu atazame nyuma huku ukikanyaga pedeli.

Taa zikiwaka, huenda gari limeegemea kidole. Kanyaga breki kwa nguvu, bonyeza kitufe cha mkono, vuta kwa uthabiti. Ikigoma, gari lililo upande wa juu lilivute kwa kamba sentimita chache kupanda mlima ili kidole kipumue. Watu wasisimame upande wa bondeni kulisukuma.

Taa zisipowaka, gari halijui kwamba umekanyaga breki, na kufuli la gia halifunguki bila taarifa hiyo. Angalia fyuzi iliyoandikwa STOP, kisha switchi ndogo iliyo juu ya pedeli ya breki. Kwa kujinasua, Toyota nyingi zina kifuniko kidogo kando ya mkono wa gia, kimeandikwa SHIFT LOCK. Vuta hendibreki, kanyaga breki, bandua kifuniko, bonyeza ndani kwa ncha ya ufunguo wa akiba au bisibisi huku ukisogeza mkono kwenda N. Utatoka. Kisha badilisha fyuzi au switchi siku hiyohiyo, kabla ya kuteremka na gari hilo, kwa sababu wanaokufuata hawaoni unapofunga breki.